Pima Watu Kabla ya Kupima Makochi

Ramadhani moja nilialikwa kufuturu kwa dada mmoja wa Mombasa anayekaa kwenye maghorofa ya Goreway Drive, hapa Malton, Kanada. Sinia la pilau liliwekwa katikati ya sebule, juu ya zulia jipya la buluu alilolinunua kwa bei ya punguzo wiki mbili kabla. Tulikuwa watu sita. Sinia lilienea vizuri juu ya zulia; sisi tuliolizunguka ndio tuliokosa nafasi. Magoti yalikuwa juu ya zulia, na sehemu iliyobaki ya mwili juu ya sakafu tupu ya vibao, ambayo chini yake kuna zege, na zege la huku lina baridi yake. Mama yake, mtu mzima wa miaka sabini na kitu, alivumilia kama dakika kumi, kisha akaomba anyanyuliwe. Akafuturu juu ya kochi, sahani mapajani, peke yake, na sisi wengine tukala chini.

Zulia lile lilikuwa la futi 5 kwa 8, yaani sentimita 152 kwa 244. Wengi wetu tunaanza na kipimo hicho tukihamia nchi hii, na sababu inaeleweka: bei yake ni nafuu, linaingia kwenye gari dogo, na dukani linaonekana kubwa. Dukani zulia huning'inizwa wima au hutandazwa mahali pasipo kochi wala meza, kwa hiyo jicho halina cha kulilinganisha nalo. Likifika nyumbani, likawekwa mbele ya kochi la watu watatu, linageuka kitambaa cha meza kilichoanguka sakafuni.

Nimesaidia wageni wengi kupanga sebule zao hapa Malton, na kosa ninalokutana nalo kuliko yote ni zulia dogo. Zulia lililozidi kidogo sijaona likimsumbua mtu, ilimradi milango inafunguka. Dogo linasumbua kila siku, na fedha iliyokwenda hairudi, maana baada ya miezi michache mwenye nyumba hununua la pili.

Washauri wa mapambo ya nyumba wa huku wana kanuni zao, nami nitazieleza kwa sababu zinafaa. Lakini kanuni hizo huanza na kochi. Zinamchukulia kila mtu kuwa amekaa kwenye kiti, na zulia ni kitu cha kukanyaga na kutazama. Kwetu zulia ni mahali pa kukaa. Tunakula juu yake, tunaswali juu yake, watoto wanaandikia kazi za shule hapo, vijana wanajinyoosha hapo kutazama mechi ya Simba na Yanga ambayo kwa saa za huku huangukia asubuhi, na mgeni akilala kwetu godoro hutandikwa hapo hapo. Kwa hiyo naomba tuanze na watu, makochi yafuate.

Chukua sinia. Sinia la watu sita lina kipenyo cha sentimita 70 hivi. Mtu mzima aliyekunja miguu anataka kama sentimita 75 kutoka ukingo wa sinia hadi nyuma ya mgongo wake, na upana wa kama sentimita 70 ili viwiko visigongane. Jumlisha: 75 za upande huu, 70 za sinia, 75 za upande wa pili. Unapata 220. Duara moja la watu sita linahitaji eneo wazi la mita 2 na sentimita 20 kila upande, na kuwa wazi maana yake hakuna kochi wala stuli iliyokalia hapo. Zulia la dada yule lilikuwa na upana wa 152 tu. Hesabu ilikuwa imekataa kabla pilau haijapakuliwa.

Kama kwenu mnakula mezani, pima lile mnalolifanya. Mswala wa kawaida una takriban sentimita 70 kwa 110. Watu wanne wakisimama bega kwa bega wanataka karibu mita 3, na safu ya pili inataka mita nyingine moja na kidogo nyuma. Godoro la mgeni lina vipimo vyake, uvichukue kwa futi kamba. Watoto wawili na gari la moshi la plastiki wanajaza mita 2 za mraba bila taabu. Andika kile kinachotokea kwenye sebule yako siku ya Jumapili kuanzia asubuhi hadi jioni, na hapo utajua zulia lako linafanya kazi gani.

Baada ya hapo ndipo makochi. Maduka ya Kanada hupima mazulia kwa futi, ingawa nchi ilishahamia kwenye mita tangu miaka ya 1970. Vipimo utakavyovikuta ni vile vile kila mahali: 5 kwa 8, 6 kwa 9, 8 kwa 10, na 9 kwa 12. Kwa sentimita ni 152 kwa 244, 183 kwa 274, 244 kwa 305, na 274 kwa 366. Jihadhari na jambo moja: kipimo kinachotajwa dukani mara nyingi ni cha jina tu. Zulia linaloitwa 8 kwa 10 huenda likawa na futi 7 na inchi 10 kwa upana. Funua kona, utazame kile kibandiko kidogo cha upande wa chini. Inchi 2 zinaweza kuonekana si kitu, lakini mahali pembamba ndizo zinazoamua kama mguu wa kochi utakanyaga zulia au utaning'inia ukingoni.

Kuhusu miguu ya makochi, njia ya kwanza ni miguu yote ya makochi yote kukaa juu ya zulia, nayo inataka chumba kipana na mfuko mnene. Njia ya pili, ambayo ndiyo ninayoipendekeza kwa nyumba nyingi za huku, ni miguu ya mbele tu kukanyaga zulia kwa sentimita 20 au 25, ya nyuma ibaki sakafuni. Zulia linashikwa lisiteleze, makochi yanaonekana yamekaa pamoja, na hulipii eneo ambalo halionekani. Njia ya tatu ni zulia kukaa katikati bila kuguswa na kochi lolote. Hiyo iache. Ndiyo iliyotukalisha kwenye sakafu baridi.

Zulia lipite ncha za kochi kwa sentimita 15 hadi 20 kila upande, lisiwe fupi kuliko kochi. Kutoka ukingo wa zulia hadi ukutani acha sentimita 30 hadi 45 za sakafu zionekane. Chumba kikiwa chembamba, 20 zinatosha.

Tupime sebule moja ya kweli. Iko kwenye nyumba pacha, hizi zinazoshirikiana ukuta mmoja, na ina futi 12 kwa 16, yaani sentimita 366 kwa 488. Kochi la watu watatu lina urefu wa sentimita 213 na kina cha 90, nalo limeegemea ukuta mrefu. Ukuta unaolitazama una meza ya televisheni yenye kina cha sentimita 40. Miguu ya mbele ikikanyaga zulia kwa sentimita 22, zulia linaanzia sentimita 68 kutoka ukutani. Zulia la 8 kwa 10 likilazwa kwa urefu wa chumba litaishia kwenye 312, na meza ya televisheni inaanzia 326. Sentimita 14 zinabaki wazi, hakuna kinachogusana na kingine. Upande wa urefu, zulia linalipita kochi kwa sentimita 46 kila ncha, na bado kuna sentimita 91 za njia hadi ukutani.

Sasa angalia eneo la watu. Toa zile 22 zilizo chini ya kochi, unabaki na 222 kwa 305. Sinia letu lilitaka 220. Limeingia, stuli ikisogezwa pembeni.

Je, la 9 kwa 12 kwenye chumba hicho hicho? Likianzia pale pale litafika 342, likaingia chini ya meza ya televisheni kwa sentimita 16, na meza itayumba kwa kuwa miguu miwili iko juu na miwili chini. Ukilisukuma zaidi chini ya kochi, lianzie 50, litafika 324 na litaenea kwa kubana sana. Inawezekana, na mwenye familia kubwa asiogope. Lakini asidhani kwamba limempa nafasi ya masinia mawili: maduara mawili ya 220 yanataka 440, na hilo lina 366 tu. Siku ya wageni wengi, jamvi la ziada likunjuliwe kando yake kama tulivyozoea nyumbani.

Nimetaja nyumba pacha kwa sababu Malton haina nyumba za aina moja. Kitongoji hiki ni sehemu ya Mississauga, ubavuni mwa uwanja wa ndege wa Pearson, mpakani kabisa na Toronto. Kule Victory Crescent na Churchill Avenue kuna nyumba ndogo zilizojengwa wakati wa Vita Kuu ya Pili kwa ajili ya wafanyakazi wa kiwanda kilichounda ndege za Lancaster. Sebule zake ni za enzi hiyo, ndogo na za mraba. Humo la 6 kwa 9 mara nyingi hutosha, na la 8 kwa 10 linaweza kuziba njia ya kuingilia jikoni. Kwenye maghorofa sebule ni ndefu na nyembamba, na mwisho wake kuna mlango wa roshani. Hapo pima uwazi wa chini ya mlango kwanza. Mlango unaofunguka kwa ndani ukikwaruza zulia kila siku, utalimaliza kwa mwaka mmoja.

Ghorofani kuna sababu nyingine ya kutaka zulia kubwa: jirani wa chini. Mtoto akikimbia juu ya vibao, yule wa chini anahesabu hatua, na nyumba nyingi za kupanga zina masharti kuhusu kelele. Zulia pana lenye kitandiko cha mpira au manyoya ya kubana chini yake linapunguza mshindo. Ndege za Pearson halizizuii, hilo niliseme wazi, ila linapunguza mwangwi ndani ya chumba, na mazungumzo yanasikika hata ndege ikipita. Kitandiko chenyewe kikatwe kidogo kuliko zulia, sentimita 2 au 3 kila upande, kisichungulie.

Wanaokaa vyumba vya chini ya ardhi, na wageni wengi huanzia huko, nawashauri kinyume kidogo. Sakafu ya huko ni zege lililogusana na udongo, na unyevu hupanda. Zulia kubwa sana chini ya makochi mazito halinyanyuliwi, na lisiponyanyuliwa huota ukungu upande wa chini ambao hamuuoni hadi harufu iwaambie. Chukua la nyuzi za plastiki, lenye manyoya mafupi, la ukubwa ambao watu wawili wanaweza kulikunja na kulianika. Funueni kona kila mwezi.

Na popote ulipo, kabla hujapima chochote, tafuta matundu ya joto. Nyumba nyingi za huku hupashwa moto kwa hewa inayosukumwa kutoka kwenye tanuri la chini, nayo hutokea kwenye matundu yenye wavu wa chuma sakafuni, aghalabu chini ya madirisha. Niliingia nyumba moja Januari, familia imevaa makoti ndani, wanalalamika kwamba mwenye nyumba anabania moto. Nilipokunja pembe ya zulia, tundu lilikuwa pale chini, likipuliza joto lote kwenye mgongo wa zulia. Tundu likiwa katikati ya mahali unapotaka zulia, sogeza zulia au chagua dogo zaidi upande huo. Pasiwe na mjadala. Palipo na hita za umeme za ukutani karibu na sakafu, zulia lisizisogelee.

Mlangoni pia pana kanuni ya huku. Viatu huvuliwa, jambo ambalo kwetu si geni, lakini viatu vya majira ya baridi huja na theluji iliyochanganyika na chumvi inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Ikikauka juu ya zulia huacha mistari myeupe na kukakamaza nyuzi. Sebule inayopokea mlango wa mbele moja kwa moja iache angalau mita moja ya sakafu tupu, weka sinia la plastiki la viatu hapo, na zulia lianzie baada yake. Likishapata madoa, kitambaa chenye maji ya vuguvugu na siki kidogo husaidia kama hujachelewa.

Hapa nina neno kwa watu wa kwetu Tanga. Utakuta madukani mazulia ya mkonge, na moyo utaruka. Mkonge ndio uliojenga mji wetu, tangu Mjerumani Richard Hindorf alipoleta miche ya kwanza mwaka 1893, na kuuona umefumwa vizuri na kuuzwa Kanada kunagusa. Lakini mkonge na maji ya theluji havipatani. Ukilowa unaacha doa la kahawia, na ukilowa sana unajikunyata. Kama lazima uwe nao, uweke ghorofani au kwenye chumba cha kusomea, mbali na mlango na mbali na sinia la mchuzi.

Wapo ambao vyumba vyao vimekataa vipimo vyote vya dukani. Kwao kuna njia inayonikumbusha mkeka. Mshonaji wa mkeka wa ukindu hana kipimo cha kiwandani. Anasuka ukili, utepe mrefu, kisha anauunga hadi upana ulioagiza ufike. Kitanda kikubwa, mkeka mkubwa. Huku kuna zulia la kukata kutoka kwenye roli, lile linalotandazwa ukuta hadi ukuta, na roli la kawaida lina upana wa futi 12. Maduka ya mazulia huuza vipande vilivyobaki, na mafundi wake hukata kwa kipimo chako na kushona pindo kuzunguka ili nyuzi zisifumuke. Uliza bei ya pindo kabla hujakubali, kwa kuwa huhesabiwa kwa futi za mzunguko na inaweza kuikaribia bei ya zulia lenyewe. Nimeona sebule nyembamba ya futi 10 kwa 18 ikitoshelezwa na zulia la futi 7 kwa 13 lililokatwa hivyo, na hakuna duka ambalo lingeuza kipimo hicho kikiwa tayari.

Kwa wanaoswali, kabla ya kuamua zulia lilale vipi, shika dira. Aliyekulia Dar es Salaam au Unguja amezoea kuelekea karibu kaskazini moja kwa moja. Hapa kibla ni kaskazini-mashariki. Vibao vya barabara visikuchanganye. Derry Road East imeandikwa mashariki, lakini yenyewe inapanda mshazari kuelekea kaskazini-mashariki, kama zilivyolala barabara nyingi kuu za Mississauga. Kwa bahati nzuri, nyumba iliyojengwa sambamba nayo huwa na ukuta mmoja unaokaribiana na kibla, kwa hiyo safu inakaa sawa juu ya zulia bila kulipinda. Nyumba zilizo kwenye mitaa iliyojikunja zina hesabu zao, na dira ndiyo itakayosema.

Sasa fanya hivi kabla ya kwenda dukani. Nunua tepu ya wapaka rangi, ile inayobanduka bila kuacha gundi. Bandika sakafuni umbo la zulia unalolifikiria, kona nne na pande zote, makochi yakiwa mahali pake. Kisha ishi nalo siku mbili. Pika, ita watu, weka sinia ndani ya mistari na mkae. Fungua kila mlango. Pita usiku gizani kwenda kunywa maji, uone kama mguu unakutana na ukingo katikati ya njia. Siku mbili hizo zinakufundisha kuliko picha mia moja. Tulipofanya hivyo kwa dada wa Goreway, tulibandika kwanza 6 kwa 9 kwa sababu ya bei. Mama akakaa ndani ya mistari, akanyoosha mguu mmoja kama anavyopenda kwa ajili ya goti lake, na kisigino kikavuka tepu. Tukabandua, tukabandika 8 kwa 10.

Uliza pia litaingiaje. Zulia la 8 kwa 10 likikunjwa linakuwa gogo la futi 8, mita 2 na nusu karibu. Pima lifti kutoka kona ya chini hadi kona ya juu ya upande wa pili, pima mkunjo wa ngazi. Lenye mpira nyuma lisikunjwe kama shuka, litapasuka mgongo. Bora kulipia usafirishaji.

Letu lilifika Jumamosi. Tulilitandaza likiwa limegeuzwa, tukalikunja kinyume mara moja ili pembe zikubali kulala, tukaliacha tupu hadi kesho yake, ndipo makochi yakarudishwa, miguu ya mbele juu yake. Lile la buluu halikutupwa. Tulilipeleka chumbani kwa mama, kando ya kitanda chake, upande anaoshukia alfajiri, na pale lina ukubwa sawasawa kabisa.